Mwongozo kwa Wanaosema "Enzi Zile"

Mtu akikuambia enzi zile mambo yalikuwa mazuri, usimpinge. Muulize tu: zipi? Za nani, zilianza lini, na mambo yalikuwa mazuri kwa nani? Utamwona anavyokuna kichwa. Ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu historia ungekwisha kabla kahawa haijapoa, kama kila anayesema "enzi" angedaiwa mwaka papo hapo. Mwongozo huu ni wa kumsaidia kulipa deni hilo.

Enzi maana yake mamlaka, ndiyo maana mfalme hukalia kiti cha enzi. Basi enzi itafutie mwenyewe. Ukisema enzi za Mwalimu, enzi za Moi, enzi za Mobutu, msikilizaji anajua yuko wapi: Mwalimu Nyerere aling'atuka 1985, Moi aliiongoza Kenya kuanzia 1978 hadi 2002, Mobutu alikimbia Kinshasa Mei 1997. Lakini enzi za simu za mezani? Simu ya mezani haikutawala mtu. Sema miaka ya simu za mezani, inatosha.

Mtego mkubwa ni awamu, na unanasa zaidi wanaovuka kwa boti ya asubuhi. Dar es Salaam umeacha awamu ya sita, ya Samia Suluhu Hassan, iliyoanza Machi 2021. Ukishuka Unguja unaambiwa hii ni ya nane, ya Hussein Mwinyi, tangu 2020. Mgeni hudhani Wazanzibari wamekosea kuhesabu. Wako sawa kabisa: wanahesabu marais wao tangu Karume, 1964, na Bara wanahesabu marais wa Muungano tangu Nyerere. Aliyeonja hesabu zote mbili ni Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa. Zanzibar alikuwa awamu ya tatu, 1984 hadi 1985. Kisha akapanda kuwa Rais wa Muungano na awamu yake ikawa ya pili. Mtu mmoja, ya tatu ikatangulia ya pili, na hakuna kosa popote. Kwa hiyo ukiandika "awamu ya tatu" bila kusema ya wapi, umemwacha msomaji katikati ya mkondo wa bahari, hajui kama unamzungumzia Mkapa au Mzee Ruksa.

Na hapo ndipo majina ya mtaani yanapozishinda namba za Ikulu. "Wakati wa Ruksa" hakuna anayehitaji kuelezwa: ni miaka ya bidhaa kurudi madukani baada ya uhaba mkali. Ukisema "wakati wa kufunga mkanda", aliyekuwapo anakumbuka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na miezi 18 ambayo Mwalimu aliwaomba wananchi wavumilie. Miezi hiyo ikapita, mkanda haukulegea, foleni za sukari na sabuni zikaendelea. "Vyuma vimekaza" ni ya juzi tu, ya awamu ya tano. Mwanahistoria anayeyadharau majina haya anatupa ushahidi, kwa sababu yanasema maisha yalivyokuwa jikoni na mfukoni. Ayatumie, kisha aweke mwaka kando yake.

Karne haina ugumu, ila watu huiponza kwa haraka. Karne ya 19 ilianza 1801 ikaisha 1900. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, kwa hiyo ni tukio la karne ya 19, hata kama mjomba wako ameapa vinginevyo. "Miaka ya themanini" nayo iseme ni ya karne gani, maana Wajerumani nao waliingia huku miaka ya themanini.

Muongo leo ni miaka kumi. Kwa mabaharia na wakulima wa pwani ulikuwa siku kumi: mwaka wa kalenda yao ya Nairuzi una miongo 36, na siku tano za kuufunga, na kwa miongo hiyo watu walijua lini kupanda na lini kusafiri. Ukiusoma katika maandishi ya zamani, usimpe nahodha miaka kumi ya kungoja upepo.

Zama ni pana, hazidai mtawala: zama za mawe, zama za chuma. Ila Zama za Kati ziachie Ulaya, ambayo ilizihesabu kati ya kuanguka kwa Roma na kuamka upya kwa elimu yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa alikuta mji wenye sultani, Hassan bin Suleiman, na biashara ya dhahabu iliyofika mbali. Hiyo ni katikati ya nini na nini? Kwa Kilwa hicho kilikuwa kilele. Sema karne ya 14, au enzi za Sultani Hassan, ukomee hapo.

Neno linalostahili kuchekwa hadharani ni "kabla ya ukoloni". Ni kapu moja ambamo wamerundikwa mtu wa Olduvai wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, masultani wa Kilwa, na Mreno aliyetolewa Fort Jesus mwaka 1698. Tanganyika ilitawaliwa na Mjerumani kisha Mwingereza kuanzia 1885 hadi 1961, miaka 76. Miaka 76 imepewa jina lake, na maelfu yote ya nyuma yanaitwa kwa jina la mgeni aliyekuwa hajafika! Wazee wetu hawakuwa wavivu hivyo. Walitenganisha wakati wa Mjerumani na wakati wa Mwingereza, na miaka ya njaa waliipa majina yake. Bara wapo hadi leo wanaokumbuka ugali wa Yanga, ule wa unga wa njano ulioletwa kutoka nje miaka ya sabini.

Majina hayo hayamo katika vitabu vya shule, na wanaoyajua wanapungua. Mwulize bibi yako alizaliwa wakati wa nini na aliolewa wakati wa nini. Andika jina kama alivyolitamka, tafuteni mwaka pamoja, na fanya hivyo wiki hii.