Bei Njoo Inboksi

Kijana wa Katesh anauza kwa kamisheni viatu ambavyo hajawahi kuvishika. Kalipia tangazo Facebook, akachagua lengo la laiki badala ya mauzo, na eneo Tanzania nzima. Mashine haikumwangusha: kapendwa Mtwara, kapendwa Kigoma, kapendwa na watu wasiopitwa na kitu. Bodaboda wa Haydom, mteja halisi, akauliza bei. Akajibiwa: "Njoo inboksi." Akaenda. Akapewa kiungo kilichofunguka kwa Kiingereza na kudai kadi ya benki, ilhali hela yake iko M-Pesa. Mnadani, muuza viatu mwenye spika ya betri anakunja soli mbele ya mama wa vitunguu saumu wa Mbulu, bei anaitaja kwa sauti. Kijana naye hajalala: kaongeza bajeti ya tangazo.