Mwongozo wa Mpangaji Mwenye Panya

Hongera kwa kupata chumba Dar es Salaam. Umeshalipa kodi ya miezi 6, na usiku wa kwanza umesikia mchakamchaka juu ya dari. Usihofu, hao ni wenyeji wako. Fuata hatua zifuatazo ili mamlaka zikuondolee kero.

1. Anza kwa mwenye nyumba. Panya hung'ata huku akipuliza, na mwenye nyumba alisomea hukohuko. Atakupa pole, atawaita "vijipanya", kisha atakuuliza kwa upole: "Kwani mwanangu, usiku huwa unakula nini?" Utatoka hapo umeomba radhi.

2. Nenda serikali ya mtaa. Sema "panya wa darini", tena polepole. Ukikurupuka na "panya wametuvamia usiku", mgambo watakamata virungu wakidhani ni vibaka wa panya road. Mtendaji atataka barua ya mjumbe, na mjumbe atataka kwanza kujua kama umelipa pesa ya taka. Lipa. Gari la taka halijaonekana tangu wiki ya juzi, lakini risiti utaipata palepale.

3. Subiri, ila usihesabu siku. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23. Barua yako ikilala mezani wiki 3, mtuhumiwa uliyemshtaki amekuwa familia. Ikipanda kata, ikafika manispaa na kurudi baada ya miezi 3, wale watoto nao wana mimba. Andika barua mpya, idadi imebadilika.

4. Bwana afya akija, tangulia kuficha ndoo ya taka. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na kukagua nyumba ni kazi yake. Dari ataitazama kwa shingo tu. Jicho litatua kwenye taka zako zisizo na mfuniko, na hapo kesi itageuka: uliingia mlalamikaji, utabaki na notisi mkononi.

5. Usijitie usomi. Usimwambie kwamba kule Morogoro shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wala kwamba Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Kambodia, alivishwa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020. Atakuuliza kwa nini unataka kumuua mtumishi.

6. Ukichoka, msubiri muuza dawa. Atapita saa kumi jioni, spika begani: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto!" Ataapa kwamba panya akiila anakauka, hanuki. Mimi nilimwamini. Siku ya nne nilisogeza kabati, kesho yake kitanda, na usiku ule nikabeba godoro kwenda kulala kwa rafiki. Pakiti haikuwa na jina wala maelezo. Sumu ya namna hiyo haimjui kuku, paka wala mtoto.

7. Sasa fanya ulichotakiwa kuanza nacho. Mwaka 2022, Ruangwa mkoani Lindi, homa ya mgunda iliua watu 3. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kwa hiyo mchele ulioachwa wazi si jambo la kuchekea. Funika chakula, toa taka kabla ya kulala, kisha tafuta matundu. Panya mdogo hupenya panapopenya penseli. Shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria, halafu piga saruji juu yake.

Niliziba matundu yote, nikalala fofofo usiku mbili. Siku ya tatu mama wa chumba cha pili akagonga mlango, macho mekundu. Kwake kulikuwa kimya mwaka mzima, sasa kuna mchakamchaka darini. Panya wangu walikuwa wamehama bila hata barua ya mjumbe.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Walituonea huruma sisi wapangaji, wakanyamaza kuhusu kuziba. Nilifungua kinywa nimwambie aanze na hatua ya kwanza, nikaona aibu. Nikampa stilwaya iliyobaki, nikachukua mwiko wa saruji, tukaanza na chumba chake.