Urithi wa Klasi Ubaki Nyumbani: Mwongozo kwa Wanaounganisha Mifumo

Tuseme umejenga mfumo wa malipo. Klasi mama ni Malipo, yenye kiasi na tarehe. Amezaa watoto watatu: MalipoYaSimu mwenye namba ya simu, MalipoYaKadi mwenye tarakimu nne za mwisho za kadi, na MalipoYaBenki mwenye namba ya akaunti. Wanaishi kwa amani. Kisha wenzako wa mfumo mwingine wanakuomba orodha ya malipo ya leo kwa JSON.

Kwanza, acha kutamba na ukoo wako. JSON haijui nani kamzaa nani. Inajua maandishi, namba, ndiyo na hapana, utupu, orodha, na jozi za jina na thamani, basi. Ukitumia System.Text.Json ya Microsoft ukaitangaza orodha yako kuwa ya Malipo, itaandika yale ya mama tu. Namba ya simu haitoki hata mlangoni. Wala hakuna kosa litakaloripotiwa, na hapo ndipo panaponiudhi. Mteja atakuja kudai pesa zake, nanyi mtalaumiana wiki nzima.

Wazee wa XML walikuwa na xsi:type, iliyokuja na XML Schema mwaka 2001, ya kutaja aina halisi ya kila kitu. WCF ya Microsoft nayo ilidai kila mtoto atambulishwe mapema kwa KnownType. Ukimsahau mmoja, mawasiliano yanakatika kwa kelele. Watu waliichukia kelele ile. Mimi naitetea.

Sasa utashawishika kuiachia maktaba iandike jina kamili la klasi ndani ya data. Usithubutu! Ukifanya hivyo, anayetuma ndiye anayeamua seva yako iunde kitu gani, na mhalifu atachagua klasi inayomfaa yeye. Jackson, maktaba maarufu ya Java, iliumbuka hivyo katika udhaifu CVE-2017-7525: data iliyopikwa kwa hila iliweza kuifanya seva iendeshe amri za mgeni. Tangu toleo 2.10 la 2019, anayetaka njia hiyo anatakiwa aweke mkaguzi wa aina zinazoruhusiwa. Na hata usalama ukiwepo, siku utakapobadilisha jina la klasi, mfumo wa jirani utavunjika kwa jambo lisilomhusu.

Fanya hivi: weka lebo fupi mliyokubaliana, "aina", yenye thamani "simu", "kadi" au "benki". Iandike kwenye mkataba wa mifumo yenu; OpenAPI 3.0 ina oneOf na discriminator kwa kazi hiyohiyo. Kwenye Jackson tumia JsonTypeInfo pamoja na JsonSubTypes; kwenye .NET 7 na kuendelea, JsonDerivedType. Lebo itangulie mbele ya mengine, maana .NET 7 na 8 hukataa kuisoma ikiwa nyuma.

Halafu jadilini mtoto wa nne, kwa sababu atazaliwa. Mpokeaji akikuta "aina" asiyoijua afanye nini? Kwa habari za pesa, jibu ni moja: ayaweke malipo hayo kando na apige kelele. Asiyahesabu kwa kubahatisha, asiyatupe.

Basi leo, kabla hujaandika mstari mwingine, mpigie simu mwenzako wa upande wa pili mkubaliane orodha ya aina zenu.