Mwongozo wa Kutangaza Amani Beni na Butembo

Mheshimiwa, karibu Beni. Kama umekuja kututangazia amani, ukiwa waziri, jenerali, mjumbe wa Umoja wa Mataifa au mgombea anayetafuta kura, neno hilo tunalihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana tumeliwekea masharti. Yafuate moja baada ya jingine kabla hujashika kipaza sauti.

Vinavyohitajika: buti za mpira, nguo za kulalia, wiki tatu za nafasi, na kiti kwenye pikipiki. Helikopta iache uwanjani.

Hatua ya kwanza: usibatize mpango kabla haujazaliwa

Januari 2008, makundi mengi yenye silaha yalitia saini makubaliano ya amani Goma, na mpango uliofuata ukaitwa Programu Amani. Kabla ya mwaka kwisha, vita vilikuwa vimesogea mpaka kwenye lango la mji huohuo. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kijeshi iliyoitwa Kimia ya Pili. Kimia ni utulivu kwa Kilingala. Januari 2010 ikapokewa na nyingine, Amani Leo. Wakati wa operesheni hizo watu wa Kivu waliendelea kuhama vijiji vyao na magodoro kichwani.

Kwa hiyo mpango wako upe namba, bajeti na jina la ofisa atakayeulizwa ukishindwa. Jina zuri utaupa baadaye, watu wakisharudi makwao.

Hatua ya pili: taja ni vita gani vimekwisha

Hapa kwetu vita si vya aina moja. Tarehe 27 Juni 2025, Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba Washington. Tuliufuatilia redioni kwa makini, maana Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari ya mwaka huo, na serikali ya mkoa ilikuwa imehamia hapa Beni. Lakini wanaoua watu Beni na Lubero ni ADF, kundi lililozaliwa Uganda na kujichimbia kwenye misitu ya Rwenzori tangu miaka ya 1990. Hao hawakuwa mezani. Mwezi mmoja baada ya saini, waumini waliokuwa wakikesha kanisani Komanda, kwenye barabara ya Bunia, waliuawa usiku. Septemba ikawa zamu ya Ntoyo, wilayani Lubero: makumi ya watu waliuawa walipokuwa msibani.

Basi ukisema amani, malizia sentensi: ni kati ya nani na nani, inaanzia kijiji gani, na inaishia wapi.

Hatua ya tatu: lala Oicha

Panda pikipiki Beni, shika barabara ya kaskazini, pita Mbau, fika Oicha kabla giza halijaingia. Omba kitanda, na kesho yake endelea mpaka Eringeti. Ni kwenye ukanda huu mauaji yalipoanza kupamba moto Oktoba 2014, watu wakichinjwa kwa mapanga na kukatwa kwa mashoka. Mjini Beni kwenyewe, mtaa wa Rwangoma haujayasahau mauaji ya tarehe 13 Agosti 2016.

Usiku, kaa na chifu wa kijiji umuulize anampigia nani simu akiona nyayo za watu asiowajua, na huyo anayepigiwa hufika baada ya muda gani. Jibu lake liandike kwenye hotuba yako kama lilivyo. Ukiwa njiani, kumbuka Semuliki, ambako tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani 15 kutoka Tanzania waliuawa kambini mwao. Walikuja kutulinda wakafia kwetu, na nyumba za Tanzania zilizopoteza watoto zinastahili kuambiwa ukweli sawa na nyumba za Beni.

Hatua ya nne: pitia soko la Butembo

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na wafanyabiashara huijua hali ya usalama mapema. Mchele, ndizi na mafuta ya mawese hupanda kutoka upande wa Beni. Maharagwe na viazi hushuka kutoka milima ya Lubero. Waulize akina mama wanaouza ndizi: mzigo wa wiki hii umetoka wapi, na ni kijiji gani kimeacha kuleta? Kisha waulize wenye nyumba wanalala watu wangapi chumba kimoja, kwa sababu wengi waliokimbia vijiji hawako kambini, wako kwa shangazi, kwa shemeji, kwa muumini mwenzao. Mwenye nyumba huyo amebeba vita mgongoni kwa miaka bila mshahara. Mshukuru kwanza, halafu mwulize wageni wake wamerudi kwao au bado.

Hatua ya tano: fuata kakao

Hapa ndipo wiki tatu zako zitakapotumika. Kakao haivunwi kwa kukimbia. Mkulima hukata maganda yaliyoiva, huyapasua, huzitoa mbegu na kuzivundika siku tano hadi saba, kisha huzianika juani wiki nyingine. Mti mmoja humwita arudi tena na tena msimu mzima. Wauaji wanalijua hilo, ndiyo maana wamewavizia wakulima mashambani wakati wa mavuno. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, na kuna wenye mashamba waliobaki mjini wakihesabu hasara kwa sababu njia ya shambani haikupitika.

Mfuate mkulima mmoja tangu anapokata ganda hadi anapouza gunia. Akienda asubuhi na kurudi jioni siku zote hizo, na gunia likauzwa na mwenyewe, umepata jambo la kusema.

Makosa ya kuepuka

Usihesabu askari ukasema umehesabu usalama. Hali ya dharura ya kijeshi ilianza tarehe 6 Mei 2021, ikaongezwa muda tena na tena. Majeshi ya Uganda na Kongo yalianza operesheni Shujaa tarehe 30 Novemba 2021. Wauaji walisukumwa kutoka baadhi ya ngome zao, wakajitokeza Mambasa na Lubero. Ukitaja walikofukuzwa, taja na walikohamia.

Usichague kifo cha kushughulikia. Ebola iliyotangazwa Mangina Agosti 2018 iliua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020, na ulimwengu ulikuja na magari, madaktari na fedha. Tulihitaji msaada huo. Lakini watu waliuliza kwa nini haraka ile haikuonekana kwenye mapanga, na swali hilo lisipojibiwa hata daktari hutiliwa shaka.

Usituamulie. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa Januari. Tarehe 30 Desemba, siku ya uchaguzi kwingineko nchini, watu wa Beni walijitengenezea vituo vyao vya kura, wakanawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Watu wa namna hiyo wana haki ya kuulizwa amani yao iweje.

Hatua ya mwisho: tafuta mche

Mti wa kakao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Anayepanda mche mpya leo nje ya Oicha au Mutwanga anaamini kwamba atakuwa hai, na shamba litakuwa lake, miaka hiyo yote. Tembelea vitalu vya miche, uliza wenye vitalu wamewauzia watu wangapi na wa vijiji gani. Hicho ndicho kipimo ninachokuomba utumie, kwa sababu mkulima hakipangi ili kukufurahisha. Amelipia kwa fedha yake.

Miche ikiwa michache, usirudi kimya. Tumia kipaza sauti kutuambia ni kilomita ngapi za njia za mashambani zitalindwa msimu huu, na kikosi gani kitamjibu chifu saa nane za usiku. Miche ikiwa mingi, mpe kipaza sauti mkulima atangaze mwenyewe, nawe keti mbele umsikilize.