Nakala ya Morogoro

Ukitaka mwenyekiti wa bodi alale usingizi mnono, mwambie bakapu ipo. Usimwambie iko wapi. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam kiliishi kwa amani ya namna hiyo kwa miaka: seva kuu chini ya meza ya chuma, seva ya nakala rudufu juu ya meza ileile, na zote mbili zikila umeme kwenye ekstensheni moja iliyokwishaanza kuungua upande mmoja. Kila usiku ya chini iliikabidhi ya juu hesabu za siku. Nakala ilisafiri mwendo usiofika mita moja, ikafika salama, na ripoti ikasema kazi imefanyika.

Aliyeharibu amani ni mkaguzi wa nje. Aliuliza swali moja tu, jengo likiungua je, kisha akafunga mkoba wake akaondoka. Kikao kikaitishwa na mimi nikatakiwa nieleze. Nikaeleza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali. Ili kunogesha nikaongeza kwamba aliyeipa kanuni hiyo umaarufu si mtu wa kompyuta bali ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyekuwa akiwafundisha wenzake namna ya kutunza picha zao. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akasema picha za harusi yake hajawahi kuzihifadhi popote zaidi ya kabatini na zipo mpaka leo. Kilichopotea ni mume.

Wajumbe walipomaliza kucheka, mwenyekiti akauliza mbali ni wapi. Si kuna chumba kitupu ghorofa ya tatu? Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, na lifti ya jengo lile ni mbovu, kwa hiyo kwa mizani yake ghorofa ya tatu ni safari. Nikamsimulia habari za Strasbourg, Ufaransa, ambako tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilishika moto na jengo zima la ghorofa tano likateketea. Walikuwemo wateja waliokuwa na nakala rudufu. Tatizo ni kwamba nazo zilikuwa palepale kituoni. Moto haukuhitaji lifti.

Mjadala ukahamia kwenye mikoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila mjumbe ana mji aupendao. Dodoma ilitetewa kwa nguvu na wenye kuijua posho ya Dodoma. Arusha ilitajwa na mtu ambaye mwanawe anasoma huko. Mwishowe mhazini akauliza ni tawi gani lina chumba cha bure, na chumba cha bure kilikuwa Morogoro. Nilishukuru. Bahari haifiki Morogoro.

Sasa hesabu. Mzigo wetu ulikuwa terabaiti 2, na laini yetu ilikuwa ya megabiti 10 kwa sekunde. Ukigawanya unapata siku 18 na nusu, usiku na mchana, kwa sharti kwamba katika siku hizo hakuna kiumbe mwingine atakayefungua hata barua pepe. Nilipoisema hesabu hiyo, mhazini akavua miwani. “Kwani haiwezi kwenda kwa basi?”

Aliuliza kwa kejeli, na ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Wanaoifanya kazi hii duniani kote hufanya hivyohivyo: shehena ya kwanza hubebwa kwa mikono, mtandao hubaki na kazi ya kupeleka yaliyobadilika. Zipo programu za hilo. Mojawapo, rsync, ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, na ujanja wake ni kulinganisha vipande vya faili pande zote mbili kisha kusafirisha kile kipande kisichofanana tu. Lakini ili kulinganisha ni lazima upande wa pili uwe na kitu cha kulinganishwa, na kitu hicho hupanda basi. Au njiwa. Septemba 2009 kule Afrika Kusini, kampuni moja iliyochoshwa na kasi ya intaneti ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya gigabaiti 4 mguuni, ikamrusha kutoka Howick hadi Durban, kilomita 80 hivi. Winston alitumia saa moja na dakika nane. Ukijumlisha na muda wa kuinakili ile kadi ilikuwa kama saa mbili, na kwa muda huohuo laini ya simu ilikuwa imefikisha asilimia 4 ya mzigo. Niliwasimulia wajumbe kisa hiki, nikaona mhazini anaandika kitu pembeni ya daftari lake. Sijui kama ni bei ya njiwa.

Basi nikaenda stendi ya Magufuli, Mbezi, na boksi la diski. Kila kilichokuwa ndani nilikuwa nimekifunga kwa nywila ndefu, hata aliyeliiba asingeambulia zaidi ya chuma. Dada wa vifurushi aliliinua, akalitikisa karibu na sikio kama anayechagua nazi, huku moyo wangu ukisimama.

“Kuna nini humu?”

“Diski za kompyuta, dada.”

“Zinavuja?”

“Hazivuji.”

“Thamani?”

Hapo nikanyamaza. Kipo kwenye fomu kijisanduku cha thamani. Ukiandika thamani ya diski, unadanganya. Ukiandika thamani ya kilichomo, gharama inapanda na macho ya watu yanaongezeka. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Dada akaamua mwenyewe: akaandika “spea, laki 2”, akabandika karatasi, akalitupia kijana aliyekuwa ndani ya buti. Kwa hiyo akiba, hisa na mikopo ya wanachama wetu wote, pamoja na madeni ya wale wasiopokea simu, viliondoka Dar es Salaam na basi la saa nne asubuhi kwa thamani ya shilingi laki 2, vikiwa kati ya ndoo ya dagaa na rejeta ya Fuso. Jioni tarishi wa tawi alinipigia kutoka Msamvu kwamba mzigo ameupokea, ila unanuka.

Tangu hapo kazi ya kila usiku ikawa ndogo: mabadiliko ya siku, yaondoke Dar saa sita, yafike Morogoro kabla ya alfajiri. Yangefika, kama si mlinzi. Mlinzi wetu ni mzee mwenye heshima zake, hasinzii kazini, na sababu ya kutosinzia ni kwamba anaangalia filamu na marudio ya mechi kwa Wi-Fi ya ofisi mpaka jogoo awike. Laini ni ileile. Kila goli likirudiwa kwa ukimya na kutafakari, mikopo ya Morogoro inasubiri. Kumkatia nilishindwa, mlinzi anayelala ni ghali kuliko nakala inayochelewa.

Usiku ambao kazi yetu ilikwenda mbio kuliko usiku wowote ni ule wa Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikabaki kuangalia kiduara kikizunguka kwenye simu. Manchester United walikuwa wakicheza na Arsenal. Mzee akatafuta redio. Mawasiliano yetu na Morogoro, ambayo hupita nchi kavu na hayana haja ya kuvuka bahari, yalijikuta yana barabara yote peke yao, na nakala ilikamilika kabla kahawa ya mlinzi haijapoa. Asubuhi taifa lilikuwa katika simanzi na mimi nilikuwa na ripoti safi kuliko zote.

Ripoti nazo ni somo jingine. Kijani chake hakina maana unayodhani. Kuna kipindi ilikuja kila asubuhi ikisema kazi imefanikiwa, faili zilizohamishwa: 0. Kumbe wenzetu wa hesabu walikuwa wamefungua folda mpya. Ile ya zamani iliitwa “Hesabu”, nayo ndiyo mfumo ulioambiwa uitunze, na iliendelea kutunzwa kwa uaminifu mkubwa ingawa hakuna aliyeigusa tena. Kazi ilikuwa inafanyika kwenye “Hesabu mpya”, baadaye “Hesabu mpya kabisa”, na wakati tunagundua ilikuwa “Hesabu mpya kabisa HII NDIYO”. Sijawalaumu sana, maana hata wakubwa yamewapata. GitLab, kampuni ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017, ikakimbilia nakala rudufu, na kukuta njia zake tano hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Zile barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Walipoteza data za saa sita hivi.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya kiyoyozi cha Morogoro. Seva inataka ubaridi, na chumba chake ndicho chumba pekee tawini chenye kiyoyozi. Meneja wa tawi, mtu mwangalifu wa fedha za wanachama, alikuwa na desturi ya kukizima Ijumaa jioni ili umeme wa Luku usiishe kabla ya Jumatatu. Jumamosi mchana seva inachemka, inajizima yenyewe kwa usalama wake, na nakala ya siku mbili haipo. Niliandika dokezo. Niliandika la pili, lenye nakala kwa mwenyekiti. Kiyoyozi kiliendelea kupumzika mwisho wa juma.

Kisha, bila maelezo, tatizo likaisha. Jumamosi seva iko hewani, Jumapili iko hewani. Nilidhani dokezo limefanya kazi, nikajisikia mtu wa maana, mpaka siku nilipohitaji kujua hali ya taa moja ya seva nikampigia mhasibu wa tawi, mama mmoja mkarimu anayeniita mdogo wangu.

“Dada, niangalizie taa ya chini inawaka rangi gani.”

“Ipi mdogo wangu, hii iliyo karibu na keki au ile ya huku kwenye soda?”

Nikamwomba awashe video. Juu ya seva ya nakala rudufu, pale hewa ya kiyoyozi inapotua vizuri, ilikaa keki ya sendofu ya ngazi tatu, nyeupe, na maua ya sukari. Kando yake kreti za soda, sufuria lenye kifuniko, na mfuko wa machungwa wenye jina la tarishi. Mtaa mzima, ilionekana, ulikuwa umejua kwamba ofisini kuna baridi ya bure, na tangu keki ya kwanza ilipolala mle hakuna aliyethubutu kukizima kile kiyoyozi. Luku hununuliwa mapema. Mlango hufungwa kwa komeo. Umeme ukikatika, napigiwa simu kabla mafeni hayajasimama: “Mdogo wangu, umeme umekatika, na harusi ni kesho! Jenereta haina mafuta!” Kihisi joto tulichonunua kwa bei ya kuumiza hunitumia ujumbe dakika kadhaa baadaye, kikinieleza kwa upole nilichokwishaelezwa kwa kelele.

Ningefanyaje? Wenzetu wa Pixar, mwaka 1998, walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bakapu ya studio ikakutwa mbovu. Filamu iliokolewa na kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na alifanyia kazi huko. Waliifunga mablanketi wakaipeleka taratibu kwa gari hadi ofisini. Kama Hollywood imeokolewa na likizo ya uzazi, mimi ni nani wa kuikataa keki. Niliomba jambo moja tu, kwamba vitu vyenye mchuzi vikae sakafuni, na hata hilo tulijadiliana.

Mwaka huu mkaguzi alirudi, akataka kwenda Morogoro kwa macho yake. Alichagua tarehe mwenyewe, akachagua mwanachama mmoja bila kunishauri, akaniambia nirudishe hesabu zake kutoka kwenye nakala. Tulifungua mashine ya majaribio, nikaandika nywila, tukasubiri, na salio likatokea likiwa sawa na la kitabuni hadi senti. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua macho juu ya seva, akaandika kwa muda mrefu kidogo.

Ripoti yake imetufikia wiki iliyopita, pamoja na majibu ya tawi. Naona nivitoe vilivyo:

Hoja Na. 7: Chumba cha seva, Tawi la Morogoro, kimekutwa na vitu visivyohusiana na mfumo, vikiwemo vinywaji baridi na keki moja.

Athari: Uwezekano wa unyevu na wadudu kuharibu mitambo.

Pendekezo: Vitu hivyo viondolewe mara moja.

Majibu ya menejimenti: Hoja imepokelewa na kufanyiwa kazi. Vinywaji vimeondolewa. Keki itaondoka Jumamosi baada ya ibada.