Jinsi ya Kununua Runinga Bila Kulogwa na Kasuku

Jambo la kwanza, mpe kasuku mgongo. Utamkuta tu. Iwe Kariakoo au barabara ya Luthuli kule Nairobi, ukiingia duka la runinga yupo ukutani, mwekundu kuliko kasuku yeyote aliyewahi kuruka porini, anageuza shingo taratibu kwenye vioo vyote kwa mpigo. Akimaliza yeye litadondoka tone la maji juu ya jani, wino wa rangi utafumuka ndani ya maji, kisha utaona jiji la ng'ambo usiku, limepigwa kutoka angani. Video hiyo imeandaliwa na kiwanda ili ionyeshe yale tu ambayo kioo kinayaweza. Ndani yake hakuna kinachokimbia. Hakuna mpira, hakuna mtu mweusi aliyesimama gizani, hakuna msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwa maneno mengine, hakuna hata kimoja katika vile utakavyovitazama ukishafika nyumbani.

Kwa hiyo nenda na flashi yako. Tia humo kipande cha mechi iliyochezwa usiku, kipande cha filamu yenye tukio la gizani, na picha za watu unaowajua. Muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, picha ndiyo hii hii, hata usijisumbue." Mshukuru, halafu mkabidhi flashi. Winga aliyekuleta ataanza kukuhimiza, maana kamisheni yake inamngoja. Naye mpe kiti akae.

Flashi ikishamaliza kazi, omba king'amuzi kilichofungwa antena. Hapa wengi huona haya, na ndipo penye siri ya jambo zima. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8. Chaneli ya kawaida isiyo ya HD inakuja na nukta 720 kwa 576, ambazo hata laki tano hazifiki. Piga hesabu: kwa kila nukta moja inayotoka kwenye king'amuzi, seti inatakiwa ijaze nukta 20. Kumi na tisa kati ya hizo ni za kubuni. Kubuni huko ni kazi ya chipu iliyomo ndani, na chipu dhaifu hukupa msomaji wa habari mwenye uso uliopakwa nta na maandishi yenye ukungu pembezoni. Kasuku hawezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa yeye amekuja na nukta zake zote kamili.

Sasa dai rimoti. Duka lisilotaka kukupa rimoti, ondoka, hata kama bei ni nzuri. Seti za maonyesho huwekwa kwenye hali ya duka: mwanga umesukumwa hadi mwisho, rangi zimekolezwa, nyeupe imevutwa kuwa ya bluu. Sababu ni jicho letu wenyewe. Ukiweka seti mbili ubavu kwa ubavu, jicho linaikimbilia ile yenye mwanga zaidi, na duka lenye taa nyeupe kali dari nzima linazidisha mbio hizo. Ingia kwenye menyu, toka kwenye Vivid au Dynamic, chagua Cinema au Movie. Picha itaonekana imepoa, imeingia umanjano. Vumilia dakika chache, macho yatazoea. Nyeupe hiyo ya Cinema iko karibu na kelvini 6,500, kipimo ambacho studio hutumia kurekebishia rangi za filamu na vipindi. Fanya hivyo kwa kila seti unayoilinganisha, vinginevyo utakuwa unalinganisha ujanja wa kiwanda kimoja na ujanja wa kiwanda kingine.

Halafu mwombe muuzaji azime taa. Atacheka. Mwombe tena, angalau safu iliyo juu ya seti ile. Akikataa kabisa, na kama umefuatana na shangazi au mama mkwe mwenye doti ya kanga, kanga zitawatosha: zitandazeni juu ya seti na vichwa vyenu, kama wapiga picha wa zamani waliojifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Watu watawatazama. Waacheni watazame, fedha ni zenu.

Chini ya kanga hizo ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi, na jambo la kutafuta ni moja: sura ya mtu mweusi gizani. Runinga nyingi za bei ya kawaida zina taa nyuma ya kioo, na kioo hakiwezi kuuzuia mwanga wote usipenye. Matokeo yake weusi unakuwa kijivu; au seti, kwa kutaka kuficha kijivu hicho, inazamisha kila kilicho cheusi kwenye shimo moja. Tazama filamu zetu. Watu wawili wanazungumza usiku nje ya nyumba, taa ni ya kibatari. Kwenye seti mbaya utaona meno, kola ya shati na mwali wa kibatari, basi. Shavu limekwenda, mkunjo wa paji la uso umekwenda, chozi ambalo mwigizaji amelitafuta kutwa nzima limekwenda. Hilo linaniudhi kuliko kasoro nyingine yoyote ya runinga, kwa sababu kasoro nyingine zinaharibu picha, hii inawafuta watu wetu. Angalia kama unaona nywele zinapoishia na usiku unapoanzia. Angalia kama aliye mweusi tii na aliye maji ya kunde wanabaki na rangi zao wakikaa pamoja, au wote wamegeuka wekundu wa tofali. Seti ikifaulu hapo, mengine mengi utaisamehe.

Rangi nyingine zipime kwa vitu ambavyo umeviona kwa macho. Kasuku yule hujawahi kumwona, ila jezi ya Simba na ya Yanga unazijua, umeziona Uwanja wa Benjamin Mkapa na umeziona kwenye kamba ya nguo ya jirani. Nyekundu ikiwaka kama inataka kuunguza macho, au majani ya uwanja yakawa ya kijani cha peremende, punguza rangi kwa rimoti. Isiposhuka vizuri, songa mbele. Wakati huo huo fuata pasi ndefu. Mpira ukiota mkia angani, kioo ni kizito. Na usihadaike na namba za mwendo zilizoandikwa kwenye boksi: vioo vingi ni vya hezi 50 au 60, vilivyo bora 100 au 120, na kinachozidi hapo kwenye runinga ya kawaida mara nyingi ni hesabu ya matangazo.

Habari ya maboksi isituchukulie muda. QLED ni kioo cha taa ya nyuma, si OLED, ambayo kila nukta yake hujiwakia na kujizimia yenyewe. Herufi zinafanana, weusi haufanani. Kontrasti ya milioni moja kwa moja haina kipimo kinachofuatwa na viwanda vyote, basi iruke.

Rudi nyuma sasa. Dukani umesimama hatua moja kutoka kwenye kioo, nyumbani utakaa mita tatu. Kwenye seti ya inchi 43, jicho zima likishapita kiasi cha mita 1.7 haliwezi tena kuzitenganisha nukta za Full HD, achilia mbali za 4K. Ukikaa mbali, fedha ya nyongeza ipeleke kwenye weusi na rangi. Kaa pia pembeni, pale wageni wanapokaa sebuleni, uone kama picha inapauka.

Ukisharidhika, usibebe boksi lililofungwa. Lifunguliwe, seti iwashwe mbele yako, iwekwe picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, utafute nukta mfu na madoa ya mwanga kwenye kona. Chukua risiti yenye namba ya seti. Nyumbani itakuuliza Home au Store; chagua Home.

Na nyinyi wenye maduka, tunaomba chumba kimoja tu. Kiwe na taa moja hafifu, benchi mita tatu kutoka ukutani, king'amuzi chenye antena na rimoti juu ya meza. Mteja anayeingia kwenu ameweka akiba miezi mingi. Mpeni dakika kumi humo ndani kabla hajafungua pochi.