Jinsi ya Kumwajiri Askari Aliyejiuzulu Kwingine

Kijana akija kuposa, wazee hutuma mtu kimyakimya mtaani kwao kuuliza. Ana mkono mwepesi? Aliachana vipi na yule wa kwanza? Mkuu wa polisi anayepokea askari wa kikosi kingine afanye walau nusu ya hayo, maana yeye anakabidhi na bastola.

Kwanza, afungue faili. Kupiga simu hakutoshi: lisomwe hadi karatasi ya mwisho. Novemba 2012, katika mji wa Independence, Ohio, naibu mkuu wa polisi aliandika kwamba askari mpya, Timothy Loehmann, alibubujikwa na machozi kwenye mazoezi ya shabaha na hakuweza kuimudu bastola. Akapendekeza aondolewe. Loehmann akajiuzulu. Machi 2014 Cleveland, mji jirani, ikamwajiri bila kulisoma faili hilo. Novemba 22 mwaka huohuo akampiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya kuchezea, sekunde mbili hivi baada ya gari la polisi kufika. Karatasi ile ilikuwa imelala kabatini, mji wa pili tu.

Kisha achunguze neno “amejiuzulu”. Ni sawa na “tuliachana kwa amani”: ukitaka kujua, muulize na yule mwingine. Kulikuwa na uchunguzi? Angebaki, angefukuzwa? Aliyewahi mlango kabla hajasukumwa ahesabiwe amesukumwa.

Fomu ya maombi ailinganishe na faili mapema. Cleveland ilimfukuza Loehmann mwaka 2017 kwa uongo alioujaza kwenye fomu, si kwa risasi ile. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Tamir afe.

Sheria nayo isomwe. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2020 inamtaka mwajiri akague kumbukumbu za askari alikotoka, na akimchukua mwenye doa, aandike sababu. Hata hivyo, mwaka 2022 kijiji cha Tioga, humohumo Pennsylvania, kilimwajiri Loehmann. Wananchi walipokuja juu, akajiondoa baada ya siku chache. Naona uchungu kwamba kazi ya kuuliza ilifanywa na watu wa mtaani, wakati mwenye ufunguo wa kabati ni mwingine.

Mkuu akishayapitia yote hayo na bado anamtaka mtu wake, aandike kwa nini, kwa mkono wake, na jina lake kamili chini. Karatasi hiyo aibandike ukumbini, pale wazazi wanapopita na watoto wao.